Punguzo la Ada la Delaney

Benchi letu liko nje ya duka la kufulia nguo, karibu na chuo, hapa Ohio. Aprili bado ina baridi, nguo zinazunguka ndani, sisi tunagombea kahawa ya chupa ya Lyle. Huyu tunamwita Mzee wa Tasnifu, kwa kuwa ana mwaka wa tisa anaandika ileile. Curtis ni Waziri wa Fedha, cheo alichojipa baada ya kufeli uchumi. Siku hiyo Delaney, binti wa mwaka wa kwanza wa uzamili, alitaka kujua atapataje punguzo la kodi kwa ada aliyolipa. Akilikosa, hana pesa ya kupanga chumba hapa kiangazi hiki, na nafasi yake ya kazi maabara itapewa mwingine.

— Dai lile punguzo kubwa la miaka minne ya mwanzo ya chuo, Lyle akasema. Umeanza uzamili, si umeanza upya?

— Acha zako, Mzee. Lile ni la shahada ya kwanza, nikamwambia.

— Haraka haraka haina baraka! Ndiyo maana mi nimekaa miaka tisa.

— Sikiliza, mdogo wangu, Waziri akadakia. Lenu wa uzamili lipo, asilimia ishirini ya ada. Ila usiishie kwenye ada. Andika na kahawa.

— Kahawa?

— Unasoma bila kahawa? Basi ni kifaa cha masomo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mi nitamwandika paka wangu, Lyle akasema. Sura ya tatu kaisikiliza yote. Huyo si mwanafunzi?

— Kakuzidi, Mzee, Waziri akasema. Yeye sura hiyo ameimaliza.

Tulicheka wote isipokuwa Delaney.

— We, baba'ako hajakuandika kwenye fomu yake ya kodi kuwa unamtegemea? nikamuuliza. Akikuandika, punguzo hulipati wewe.

Akampigia palepale, akaweka spika tusikie sote. Baba yake, Gus, huezeka mapaa Toledo.

— Nimekuandika, mwanangu, kama kila mwaka. Kwani vipi?

— Nilitaka nidai punguzo la ada, Baba. Wewe hukulidai?

— La nini? Mwaka huu mapaa yalikuwa machache, kodi yenyewe sikudaiwa.

— Basi limepotea bure! Waziri akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka Toledo. Mwambie arekebishe fomu aliyopeleka, akufute. Hapati hata senti kwa jina lako.

— Nani huyo?

— Rafiki yangu, Baba. Anasema ukinifuta, nitalidai mwenyewe.

Tulisikia nyundo ya mtu mwingine huko aliko.

— Naweza, mwanangu. Kama unaihitaji hela, nitakufuta leo. Ila tangu mama yako atutoke, pale pa kuandika watu wa nyumbani tupo mimi na wewe tu. Nikikufuta wewe, niseme nyumba hii ina nani?

Nilimtazama Waziri, mwenye jibu la kila kitu. Alikuwa anafunga kamba za viatu vilivyokwisha fungwa. Lyle akammiminia Delaney kahawa ya mwisho, na hakuna aliyeigombea.

— Niache humohumo, Baba, Delaney akasema. Kiangazi nitakuja tuezeke wote.