Viatu vya Mjukuu wa Soli

Benchi liko mbele ya kibanda cha fundi viatu, ambaye mtaa mzima unamwita Soli. Birika la kahawa hukaa juu ya sanduku la misumari, na kila anayekuja huja na lake la kusema. Asubuhi hiyo Soli alikuwa nalo, tena lilimkaa kooni. Bintiye, nesi huko ughaibuni, alikuwa amepiga simu jana: anaolewa na mtu wa hukohuko, na wamekubaliana hawatazaa. Soli ilimuuma hasa.

— Jioni nampigia, alisema huku akigonga kisigino. Avunje huo uchumba, arudi nyumbani.

— Dunia ndivyo ilivyo, alisema Redio, fundi simu mwenye habari za kila nchi. Kuna mahali serikali inawalipa watu wazae, na bado hawataki.

— Wanalipwa na hawataki? alishangaa Kinyozi, jirani wa kibanda cha pili.

— Hawataki. Kwingine wanaishi pamoja mpaka mvi, ndoa hawana habari nayo. Kwingine ukichelewa kuoa, mama yako anakwenda bustani ya mjini kukutangaza kwa wazazi wenye mabinti.

— Huku kwetu harusi haijapoa, shangazi ameshaanza kukutazama tumbo, alisema Kinyozi.

— Afadhali shangazi, alisema Soli.

— Mimi nasema ni baridi, Kinyozi alikata shauri. Mtu na makoti manne, atazaa saa ngapi?

— Baridi wapi, alisema Redio. Ni lifti. Ukipandishwa ghorofani kila siku, hamu ya kulea inabaki chini.

Soli hakucheka. Alipekua chini ya benchi akatoa viatu viwili vidogo vya ngozi laini. Alivishona siku binti alipopata kazi, kabla hata hajawa na mchumba.

— Hivi nimpe nani?

Hapo mwanamke mmoja mgeni akafika na ndala iliyokatika mkanda. Akaviona.

— Vizuri kweli. Bei gani, baba?

— Siuzi. Ni vya mtoto wa binti yangu.

— Oo, hongera. Ana umri gani?

Kinyozi aliinamia kikombe chake. Redio, aliyekuwa na jibu la kila nchi, alikohoa tu. Soli alinyoosha mkono akaipokea ndala. Aliishona, na mwanamke akaenda zake.

Kisha Soli alifuta mikono akachukua simu. Jioni ilikuwa mbali.

— Baba? Kama ni ile habari, mimi sibadilishi.

— Na mimi bado inaniuma, sikufichi. Lakini harusini utavaa viatu vyangu, na hapo sitaki ubishi. Mara ya mwisho kukupima ulikuwa na sare ya shule. Siku hizi unavaa namba ngapi?

Upande wa pili pua ikavutwa.

— Thelathini na tisa, baba.

Soli aliiandika kwa chaki juu ya ngozi.

— Haya. Na huyo mwenzako?