Sindano Mezani kwa Anti Wairimu

Jina la Bwana lihimidiwe, ndugu zangu. Ketini vizuri, maana mimi ni mtu wa maswali mengi, na hata ushuhuda wangu ni swali lililopata jibu.

Swali lenyewe lilininyima usingizi kwa muda mrefu. Je, mtu anayeomba uponyaji asubuhi, kisha akajidunga insulini kabla ya kunywa uji, amemwamini Mungu kweli? Nikigeukia ukutani naona ninamkosea Mungu. Nikigeukia dirishani naona nikiacha dawa nitakufa. Nilisomea takwimu chuo kikuu, kwa hiyo hata nikipiga magoti nilikuwa nikikadiria uwezekano wa kujibiwa.

Wengi wenu mnanijua kama msichana wa Anti Wairimu, pale Uthiru. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na sebuleni kwake ndiko ushirika wetu hukutana kila Jumamosi. Kisukari kilinipata nikiwa kidato cha pili. Mwili wangu hautengenezi insulini, basi hujidunga kila siku. Dawa yangu hukaa kwenye friji kati ya maziwa na sukumawiki, na hakuna mgeni aliyewahi kuifungua friji ile bila kutushauri tiba nyingine. Ndugu zangu, nimekunywa mwarobaini. Nimekunywa maji ya bamia, yanayoteleza kooni kabla hujaamua kama umeyakubali. Nimetafuna karela mbichi, tunda chungu kuliko mwarobaini, mpaka chai ya rangi isiyo na sukari ikanilevya kwa utamu. Ugonjwa ukabaki pale pale.

Anti hakuchoka. Ananipenda, na upendo wake una haraka. Siku moja akatangaza mbele ya ushirika kwamba Jumamosi inayofuata nitaleta sindano zangu, nitaziweka mezani, tutaomba, na sitazigusa tena. Wote wakasema amina. Na mimi nikasema amina, kwa sauti ndogo. Ili mwili uwe tayari, akanituma mjini, River Road, kwa muuza unga wa mizizi ambaye sifa zake zilikuwa zimefika mpaka Uthiru.

Nilimpata orofani, juu ya duka linalochapisha kadi za harusi. Kaka mchangamfu, amevaa koti jeupe kama daktari. Akaniwekea mkebe mbele yangu.

"Huu ukiisha, sindano unatupa. Sukari utaisikia kwa majirani tu."

Mtu mwingine angeuchukua akaenda zake. Mimi nikaanza. Umetengenezwa na mizizi gani? Unafanyaje kazi kwa mtu asiye na insulini kabisa? Nani amepona, na sasa yuko wapi? Nikiacha sindano leo, kesho nikianza kutapika, nikupigie wewe?

"Sasa wewe siste," akasema, "umekuja kununua dawa ama umekuja kunisahihisha mtihani?"

"Swali la mwisho tu, kaka. Kwenu kuna mtu ana sukari?"

Akaanza kupanga mikebe ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

"Mathe," akasema.

"Na anatumia huu unga?"

"Anauweka kwa uji. Anasema uko poa."

"Na sindano aliacha?"

"Aache aje? Mimi mwenyewe ndio humdunga. Niko na mama mmoja tu." Akauvuta ule mkebe polepole, akaurudisha kwenye rafu. "Enda nyumbani, siste. Na usiniharibie jina."

Nilishuka zile ngazi nikicheka peke yangu, hadi wenye mikokoteni wakanipisha. Miaka yote nilikuwa nikimwomba Mungu aniondolee maswali, nikidhani ni upungufu wa imani. Kumbe ndiyo aliyoyatuma yanitangulie! Kisha nikawaza: kama muuza unga hawezi kumwachisha mama yake sindano kwa sababu anampenda, je, Baba yangu wa mbinguni anipende kidogo kuliko hapo? Nilikuwa nikitafuta jibu la maombi yangu mji mzima, na jibu lilikuwa kwenye friji, kati ya maziwa na sukumawiki.

Lakini ushirika ulikuwa unaningoja, na Anti alikuwa ameshawaambia watu.

Jumamosi nilileta sindano na chupa ya insulini kama nilivyoagizwa. Nikaziweka mezani, kando ya sahani ya chapati. Anti akainua mikono kuanza.

"Anti, kabla hujaomba. Kila wiki tunabariki chakula kabla ya kula, sivyo? Mimi bila hii dawa chakula hakinisaidii. Naomba tuibariki pamoja na chapati."

Mikono ya Anti ikashuka.

"Kwa hivyo umekataa uponyaji?" Anti akauliza.

"Hapana, Anti. Uponyaji ukija, daktari atapima auone, na sindano nitaziacha kwa neno lake. Mpaka siku hiyo nataka unikute niko hai."

Baba Ciku, ambaye huketi karibu na chakula siku zote, akakohoa. "Mama, na chapati nazo zinapoa."

Watu wakacheka. Anti hakucheka. Aliweka mkono mmoja juu ya chapati na mwingine juu ya dawa yangu, akaomba. Mnamjua Anti kwa maombi. Aliwaombea mpaka waliotengeneza chupa ya insulini.

Ndugu yangu, kama una dawa unayoimeza kwa kujificha, ukidhani Mungu amekunja uso, mtumaini yeye, na uimeze. Mpelekee na maswali yako yote. Hayamchoshi.

Tuliposema amina, nilipandisha mkono wa blauzi nikajidunga pale pale mbele ya ushirika, mimi niliyezoea kwenda kujifungia bafuni. Kisha nikachukua chapati. Anti akainuka, akaja na thermosi yangu ndogo, akanimiminia chai. Nikaonja. Haikuwa na sukari. Alikuwa ameipika asubuhi ya siku niliyotakiwa kupona, kabla ya mtu yeyote kufika.

Nikafungua mdomo.

"Usianze maswali yako," akasema. "Kunywa."

Nikanywa.