Jibu Alilopewa Anonciata

Mwaka ule pikapu ya Kituntu kwenda Nkwenda ilibeba kahawa, na sisi abiria tulikaa juu ya magunia. Mimi niliegemea dirisha dogo la nyuma ya dereva. Karibu yangu Anonciata, mkulima wa migomba, alikuwa akimsimulia mwenye duka mmoja, Seif, waliyejuana naye asubuhi hiyo hiyo.

“Nilifunga, nikamwomba Mungu hekima ya kuishi na mama mkwe. Akanijibu: nyamaza.”

“Mbona hujanyamaza tangu tupande?”

“Nyumbani nanyamaza. Huku natoa ushuhuda.” Akashuhudia kwamba mama mkwe anakoroma, anaficha chumvi, na akimenya ndizi, nusu inaondoka na maganda.

“Sisi tukifunga, kusengenya kunaharibu saumu.”

“Nani anasengenya? Nakuambia ili uniombee.”

“Si ndiye yule aliyekaa na dereva?”

“Hasikii. Kuna kioo.”

Pale nilipoegemea hapakuwa na kioo, palikuwa na tundu. Nilinyamaza, ingawa sikuwa nimefunga.

Nkwenda gari likasimama. Bibi akashuka taratibu, akakaza kanga yake, akamtazama mkwewe juu ya magunia.

“Mwanangu, hata mimi niliomba hekima. Nikaambiwa nikae mbele.”