Kadi Zilizo Kwenye Mkebe wa Hawo

Mgeni rasmi, Profesa Wangechi, mwenyekiti wa kamati ya maadili ya utafiti. Daktari Jelimo na wenzako wa maabara. Wachungaji, maimamu, na majirani wote mliofika: salamu nyingi kutoka kwetu.

Sisi ni wanachama wa Kikundi cha Chai ya Jumamosi, wa Kitale na Bungoma. Anayesoma ni Phelista, muuza chapati wa Bumula, lakini maneno ni ya sisi sote.

KARIBU

Karibu Kitale, Profesa. Umetukuta tumejaa hadi mlangoni, na hivyo ndivyo tunavyopenda. Chai iko, chapati ziko, na yule aliyekaa karibu na sufuria ajue tumemwona. Umekuja kukata utepe wa chumba kipya cha kuhifadhia data. Asubuhi tumeonyeshwa mlango wake, ni wa chuma na unafunguka kwa kidole cha mtu mmoja tu. Ni mzuri. Lakini kuna jina limefungiwa nyuma ya ulinzi kama huo, na kuna mtoto wa mmoja wetu anayelihitaji. Ndiyo sababu tuliomba kusoma.

TULIKOTOKA

Chai ya Jumamosi ni jina la kujifichia. Sisi ni wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana, na jamaa za waliokufa nayo. Tulijuana kwenye benchi la kliniki. Hapa kwetu mtu akiugua kifua anaombewa kwa jina. Akiugua huku chini, watu wanauliza, "Ati anaumwa wapi hasa?" na wakiambiwa wanasogeza kiti. Basi tukawa tunakutana nyumbani kwa mwenzetu Hawo, karibu na msikiti, na majirani wakiuliza tunasema ni chai. Haikuwa uongo. Chai ilikuwepo.

Daktari Jelimo alitufuata hukohuko. Alituomba kipande cha uvimbe uliotolewa tumboni mwa kila mmoja wetu. Alitueleza habari ya seli shina za saratani kama watu wa shamba: dawa inaua seli nyingi, lakini zipo chache zinazojificha kama mizizi ya magugu ya sangari chini ya mahindi. Umepalilia, umeenda nyumbani ukifurahi, mvua moja tu imenyesha na zimerudi. Yeye anaitafuta hiyo mizizi. Gladwell, mchekeshaji wetu, akamwambia, "Daktari, chukua uvimbe wote. Mimi siudai." Tukacheka, tukatia sahihi.

Kila mmoja alipewa kadi yenye namba bila jina. Majina yalifungiwa kwenye kompyuta, na ruhusa ya kuyafungua iko kwa kamati yako. Hata daktari mwenyewe hayaoni. Tuliambiwa, likipatikana jambo linalokuhusu, njoo na kadi yako utaelezwa.

TULICHOFANYA NA KADI

Gladwell aliangusha kadi yake kwa posho mill, pale tunaposagia unga. Aliyeiokota alimrudishia akiisoma kwa sauti mbele ya foleni: "Utafiti wa Utumbo." Kufika jioni wateja wake wa githeri walikuwa wamehamia kwa jirani. Mama mmoja alimwambia usoni, "Si uuze kuni, Gladwell. Kuni hailiwi." Alikuja kwa Hawo akilia, naye hatukuwa tumemwona akilia hata wakati wa dawa kali za kemo.

Hawo alimwaga biskuti kwenye sahani, akatuwekea mkebe katikati ya meza. "Leteni kadi zote hapa," alisema. "Hakuna mkwe atakayepata kadi mfukoni mwa mtu. Akipata, apate zetu sote." Tukazitupa humo. Hakuna aliyeandika jina nyuma ya yake, kwa sababu shida yetu ilikuwa ni jina. Wala hakuna aliyekariri namba. Nani anakariri namba ya ugonjwa wake? Siku hiyo tulijiona wajanja sana.

MAFANIKIO

Yapo, tusionekane watu wa kulia tu. Seli zetu zinaishi maabara, na daktari ametuonyesha kwa hadubini jinsi zinavyojificha dawa ikipita. Gladwell tulimzika mwaka jana, lakini huenda zake bado zinakua kwenye kisahani. Gathoni, mamake, aliuliza kama anaweza kwenda kuzisalimia.

Data zetu nazo hazijawahi kuibwa. Kwa hilo tunashukuru kwa dhati.

CHANGAMOTO

Mahindi yakiwa magotini, Daktari Jelimo alituita. Katika kipande cha mmoja wetu imeonekana hitilafu ya kuzaliwa nayo, ambayo mzazi anaweza kumrithisha mtoto. Mtoto aliyeirithi anafaa kuchunguzwa utumbo kwa kamera mapema. Uvimbe ukikutwa mdogo, unatolewa na anaishi. Kisha akasoma namba. Hawo akafungua mkebe, na kadi ilikuwemo. Ilizunguka mkono kwa mkono, kila mtu akiitazama kama picha ya mtu asiyemjua.

Tulibeba mkebe mzima hadi ofisi ya data, kwa Bwana Kiragu.

"Kadi ni ya nani?" akauliza.

"Yetu."

"Yetu ndiyo nani?"

"Si sisi, bana! Tuko hapa, tuangalie."

Alitaka kucheka, akaona nyuso zetu akaacha. Alisema kanuni inamtaka mwenye kadi, mtu mmoja anayejulikana. Asipojulikana, ni kamati pekee inayoweza kufungua. Hatumlaumu, alitusaidia hata kuandika barua. Mahindi yamevunwa, yamekaushwa, yameuzwa. Jibu bado.

Utasema tupimwe upya. Tuliuliza. Lakini baadhi yetu wamekufa, na huenda kadi ni ya mmoja wao. Ukipima walio hai ukakosa, utajua tu kwamba ni mtoto wa marehemu, usijue ni yupi. Na tukisema watoto wote wachunguzwe, mashine ya kamera iko mbali, foleni yake ni ya miezi.

Muigai, kijana wa Gladwell, ameanza kuona damu chooni. Amepewa dawa ya bawasiri na tarehe ya kamera baada ya Pasaka. Namba hiyo ikiwa ya mamake, atapelekwa mbele ya foleni wiki hii. Yeye anasema ni pilipili. Mamake pia alisema ni pilipili.

OMBI

Tulikuwa na mengi, hata choo cha kliniki kisichofungika. Tumeyafuta. Tunaomba jina moja lifunguliwe.

Tumeelezwa kwamba kamati inaogopa kutuanika. Basi tumeamua kujianika wenyewe, leo, kwa majina, ili hofu hiyo iishe. Jumamosi iliyopita wote waliridhia, pamoja na jamaa za marehemu, isipokuwa Issack. Bintiye Suad anaposwa. "Watasema nyumba yangu ina ugonjwa wa kurithi," alisema. "Aibu ya mtoto wangu mtaibeba nyinyi?" Hawo alimmiminia chai, akainywa amesimama, akaenda.

Leo asubuhi tukipanga viti alirudi na Suad mwenyewe. Suad akasema mbele yetu, "Baba, kama ni mimi, nataka kujua kabla ya harusi, si baada." Issack akavuta kiti, akaketi. Kisha akaniambia, "Andika. Lakini niweke mwisho, nipate kupumua."

Majirani mliokuja kwa chai na habari, habari ndiyo hii, tumewapa wenyewe. Mkiipeleka sokoni msiipunguze.

Profesa, mkebe tumeuweka mezani, kando ya makasi yako. Mungu aliyekufikisha salama aushike mkono wako leo, na akurudishe kwa watoto wako ukiwakuta wazima. Nasi atuachie wetu.

Ni sisi, wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana wa Kitale na Bungoma:

Phelista.
Hawo.
Kagwe.
Gladwell, marehemu, wamesimama kwa niaba yake Gathoni na Muigai.
Shafi, marehemu, amesimama mkewe.
Wakiuru.
Na Issack, babake Suad.