Kufuli za Mwanaheri

Kijiwe chetu kipo Kibiti, pembeni ya barabara ya Lindi, jirani na ofisi ndogo inayotunza tovuti za wafanyabiashara. Asubuhi huwa nauza kahawa na kashata hapo, mwanangu mgongoni. Wenye benchi ni watatu. Mshamu tunamwita Fundi Kufuli, kwa kuwa katika ofisi ile ndiye aliyekuwa akiweka vyeti vya usalama, vile vinavyoleta alama ya kufuli mtu anapofungua tovuti kwenye simu. Haidari ni Redio. Mzee Mrisho ni Hakimu, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, shahidi wa kesi ya mbuzi. Vyeti hivyo huisha baada ya siku tisini, na Mshamu alikuwa akivibadilisha kwa mkono, kimoja kimoja. Mwezi uliopita Mwanaheri, binti aliyeajiriwa juzi juzi, akaandika programu inayokaa kwenye seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, ikiviomba na kuviweka yenyewe. Tangu hapo Mshamu hana raha.

REDIO: Fundi, nimepita ofisini. Binti kakaa kwenye kiti chako, anakula muhogo. Kazi inajiendesha yenyewe!

MSHAMU: Kiti ni cha ofisi.

REDIO: Mbona umenuna sasa?

HAKIMU: Mwache. Hebu nieleze, Fundi, seva inajuaje kama cheti kinakwisha?

MSHAMU: Inasoma tarehe, inaomba kingine. Wanaotoa vyeti wanaiambia, weka alama hii kwenye tovuti tuone kama kweli ni yako. Inaweka, wanaiona, wanatoa. Basi.

HAKIMU: Na wewe ulikuwa unafanyaje?

MSHAMU: Hivyo hivyo. Ila mimi natumia akili.

REDIO: Bwana eh, yule ana mjomba huko kwenye vyeti. Kwa umri ule hawezi.

HAKIMU: Mjomba wapi! Kuna mtu Dar kakodiwa, anabonyeza kwa siri. Programu ni danganya toto.

REDIO: Tovuti mia mbili? Huyo mtu hali, hasali? Sikilizeni. Kwao Ngorongo. Babu yake alikuwa anazindika mashamba kwa dawa, ngiri hagusi hata jani. Binti kaizindika seva!

HAKIMU: Ee! Ndiyo maana juzi kaingia na mfuko mweusi.

— Ulikuwa muhogo, nikasema. Hakuna aliyenisikia.

MSHAMU: Nyinyi chekeni. Bosi kasema mwisho wa mwezi anabaki mmoja wa kuangalia seva. Miaka sita nipo pale, anitoe mtoto wa juzi? Lakini sijalala. Wateja wangu watatu nimewatoa kwenye orodha ya programu yake. Hao nawawekea mwenyewe, bosi aone tofauti.

REDIO: Hapo umecheza, Fundi!

HAKIMU: Safi kabisa. Mteja anataka mkono wa mtu.

Hapo akatokea Bi Siti wa Umwe, anayeuza mikeka ya ukindu kwa njia ya mtandao. Alikuwa na simu mkononi, jasho linamtoka.

BI SITI: Mshamu, baba, duka langu lina nini? Tangu jana kila anayelifungua anaambiwa si salama, arudi nyuma. Mteja wa Dar aliyeagiza mikeka ishirini kaniuliza kama mimi ni tapeli.

MSHAMU: Shikamoo, mama. Ni… tarehe imenipita. Nilikuwa Nyamwage, harusi ya dada yangu. Nakwenda kuweka sasa hivi.

BI SITI: Marahaba. Nimeanzia kwa Mwanaheri. Kanionyesha maduka ya wenzangu, yote yana kufuli. La kwangu anasema limetolewa kwenye orodha, hajui na nani.

Redio akageukia barabarani. Hakimu akaanza kukoroga kahawa isiyo na sukari.

MSHAMU: Ni mimi, mama.

Bi Siti hakupandisha sauti. Aliivuta kanga yake begani, akamtazama kama mtu anayetaka kweli kujua.

BI SITI: Nilikukosea nini, mwanangu?

Birika lilikuwa bado limejaa. Hakuna aliyeninyooshea kikombe.