Kasmiri Mahona na Gunia la Santuri, 1947–2002

Ndugu waombolezaji, maneno haya yameandikwa na familia, na anayeyasoma ni Januarius Mahona, mdogo wake marehemu na katekista wa kigango chetu cha Sapiwi. Familia inajua kwamba wengi mmekuja na huzuni moyoni na swali ulimini. Swali ni lile la gunia la mwaka 1995. Tangu mwaka ule wapo wanaosema Kasmiri Mahona alikuwa mwizi wa mizani, na jina hilo limemfuata mpaka kwenye jeneza. Leo litajibiwa kabla udongo haujarudishwa. Ila mtu haanzi na gunia, anaanza kwa kuzaliwa.

Marehemu Kasmiri alizaliwa tarehe 3 Machi 1947 katika kijiji cha Mwamapalala, mtoto wa kwanza wa Mzee Mahona na Mama Kabula. Alibatizwa akiwa na umri wa mwezi mmoja. Mama yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto yule hakulia kama wengine. Alikuwa akilia, ananyamaza katikati, anasikiliza, halafu anaendelea kwa sauti nyingine. Alichunga ng'ombe wa baba kama watoto wote wa Mwamapalala, na mara mbili aliwapoteza kwa sababu alisimama kusikiliza ngoma za wachezaji waliokuwa wakijiandaa kushindana baada ya mavuno. Fimbo alizochapwa kwa ajili hiyo, alisema mwenyewe, zilikuwa halali.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1956 hapo hapo Mwamapalala, akamaliza darasa la nane mwaka 1963. Baadaye alipata nafasi Ukiriguru, Mwanza, akajifunza kupima ubora wa pamba, akarudi na cheti mwaka 1967. Baba alikitundika cheti kile ukutani juu ya kitanda, na mgeni yeyote aliyefika alionyeshwa kwanza cheti, kisha ndipo akasalimiwa.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba, Bariadi, na hapo alifanya kazi miaka ishirini na saba. Wakulima wote mnaijua kazi yake. Gunia likifika, Kasmiri hakuuliza mwenyewe ni nani. Alipitisha mkono wa kulia ndani mpaka begani, akafumba macho, akapapasa. Akikuta mchanga, maji au jiwe, alisema bila kupandisha sauti, "Hii rudi nayo nyumbani, nkoi, rafiki yangu, ukaianike." Pamba safi aliiita safi, na ile ya daraja la chini, fifi, aliiita fifi. Mwaka 1983 alimrudishia hata baba yake mzazi magunia mawili, na Mzee Mahona alikaa wiki nzima hali naye chakula. Siku ya nane mzee alisema, "Mtoto huyu ni mbaya, lakini hatudanganyi." Kwa kinywa cha Mzee Mahona, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Huko kiwandani ndiko alikopatwa na ugonjwa wa santuri. Mwaka 1973 alikuja fundi mitambo mmoja Mwingereza kufunga mashine mpya, na alipoondoka mwaka uliofuata alimwachia Kasmiri gramafoni ya betri na santuri tisa. Hazikuwa za dansi. Zilikuwa za roki ile wanayoiita progresivu, ambayo wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri. Kinanda kinaanza peke yake, gitaa linaingia kwa kunyata, ngoma zinabadilisha mwendo mara nne, na mwimbaji anakuja pale ambapo ulishamsahau. Watu walicheka. Kasmiri alisema kuwa mtu aliyekua akisikiliza ngoma za Wasukuma hawezi kushangaa ngoma kubadilika mwendo, labda kama alikuwa amelala.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa takatifu na Domitila, binti wa Mzee Shigela wa hapa Sapiwi. Kabla ya hapo alikuwa ameileta gramafoni ukweni ili kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa maana. Mzee Shigela alikuwa mtu wa adabu, na kwa adabu yake mtu akiimba hakatizwi. Akakaa kimya, kofia magotini, dakika ishirini na mbili. Sindano ilipoinuka alivuta pumzi, akasema, "Mwangaluka, mkwe." Alikuwa hajapata nafasi ya kusalimia. Halafu akaongeza, "Mzungu huyu akija kuniomba chumvi, mboga itaungua." Binti alitolewa hata hivyo, na ndoa hiyo ilidumu miaka ishirini na mitano bila kanisa kuitwa kusuluhisha.

Miaka ya uhaba, pale sabuni ilipokuwa hadithi, santuri zilinyamaza kwa kukosa betri. Kasmiri alizianika betri kuukuu juu ya bati ili zipate nguvu kidogo, na muziki ulipoanza kulegea katikati ya wimbo, Domitila alikuwa akimwambia, "Mtu wako amechoka, mwache alale." Ulipoingia wakati wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa betri, na Mwanza watu wakaanza kutupa santuri ili wanunue kaseti. Wenzake walikwenda Mwanza kutafuta mashati ya mitumba. Yeye alipekua chini ya meza za mashati. Kufikia mwaka 1995 alikuwa na santuri arobaini na moja, na hakuna iliyokuwa na wimbo mfupi.

Hakuzificha. Kila Jumapili baada ya misa, nyumba yake katika makazi ya kiwanda ilikuwa wazi, na aliyetaka kuazima aliazima. Masharti yalikuwa mawili. Usikilize upande mzima bila kuinua sindano, na uirudishe kwa mkono wako mwenyewe ili umweleze ulichosikia. Muuguzi Philomena alieleza vizuri kuliko wote. Alisema wimbo fulani unafanana na mama aliye katika uchungu, unadhani umekwisha kumbe bado. Dereva mmoja wa malori aliazima santuri akakaa nayo miezi mitatu Lamadi, ikarudi inanuka samaki. Kasmiri aliinusa, akaifuta, akaendelea kumwazima. Alisema harufu haiingii kwenye wimbo.

Sasa tunafika kwenye gunia.

Mwaka 1995 pamba ilikuwa imeshaachiwa wanunuzi binafsi. Malori yao yalifika mpaka mlangoni kwa mkulima, kiwanda kikakosa pamba, na mwezi Juni Kasmiri aliachishwa kazi pamoja na wenzake, akaambiwa ahame. Njia ya kuja Sapiwi mnaijua ilivyo na mashimo. Akaogopa santuri zitavunjika. Mtu mwingine angetafuta sanduku. Yeye, mtu wa pamba, alichukua gunia, akatandika pamba safi chini, akapanga santuri moja moja na pamba katikati, akalishona kwa uzi na kuandika kwa wino K.M., kama alivyoandika magunia maisha yake yote. Alilileta katika ghala la Januarius, ambamo na majirani waliweka pamba yao, akaliweka ukutani, akasema, "Mdogo wangu, hili usiliguse. Ndani mna santuri." Kisha akarudi Bariadi kufuatilia karatasi zake za kuachishwa kazi.

Jumanne tarehe 18 Julai lori lilifika Sapiwi na magunia yote ya ghala lile yakapakiwa, pamoja na lile la ukutani. Vijana wa lori walipanda juu wakashindilia mzigo kwa miguu, kama wafanyavyo. Siku ya tatu gunia lilifunguliwa kwenye kituo cha ununuzi, zikatoka santuri, zimepinda na kukwaruzika.

Wengi wenu mlikuwepo. Karani wa ununuzi, Mashimba, alizipanga chini mbele ya watu, akauliza, "Hii ndiyo pamba ya Sapiwi?" Mzee mmoja aliona ile K.M., akapiga kelele, "Gete, kweli kabisa! Huyu si ndiye aliyeturudishia pamba yetu miaka yote? Kumbe mawe aliyokuwa akiyatoa kwetu alikuwa anayatafutia gunia lake!" Watu wakacheka kicheko kile kibaya. Mwenyekiti wa kijiji alimtuma mtu Bariadi, na jioni Kasmiri akafika kwa baiskeli.

Aliziangalia santuri zake chini. Akapiga magoti, akainua moja, akaipuliza mavumbi. Mashimba akamwuliza, "Gunia hili ni la nani?"

"Langu. Nimelishona mwenyewe."

"Nani ameliuza?"

Kasmiri aliinua macho, akawatazama watu mmoja mmoja mpaka akamfikia Januarius, aliyekuwa amesimama nyuma ya mizani. Akamtazama kwa muda wa kutosha. Kisha akasema, "Lenye jina langu ni langu. Niandikeni mimi."

Wakamwandika. Kampuni zote zilizokuwa zinatafuta wapima pamba wakati ule, na zilikuwa nyingi, hazikumchukua hata moja. Aliokota santuri zake, na katika zile arobaini na moja zilipona kumi na mbili. Aliendelea kuweka mlango wazi kila Jumapili hapa Sapiwi, lakini watu walipita njia wakisema, "Twendeni tukasikilize mawe." Kwa miaka sita na nusu waliokuja ni Muuguzi Philomena, watoto wa nyumba hii, na Domitila, ambaye alisema hajaupenda muziki ule hata siku moja ila hawezi kumwacha mume wake asikilize peke yake.

Ndugu, swali lilikuwa ni nani aliyetia santuri kwenye pamba ili kuongeza uzito. Jibu ni Januarius Mahona. Hakusahau maneno ya kaka yake, wala hakukosea gunia. Aliliinua, akaliona zito, akawaza kwamba siku hizi kuna kaseti, nani anahitaji vyombo hivi, na akalisukuma kwenye mizani kwa mikono yake. Mwezi ule Januarius alikuwa anasubiri kupewa ukatekista. Padri alikuwa ameshatangaza jina lake. Kasmiri alilijua hilo aliposimama mbele ya Mashimba, na alichagua. Januarius akavaa msalaba wa ukatekista mwezi Septemba, na tangu hapo amewafundisha watoto wenu amri kumi za Mungu, akiifikia ya nane, ile ya usiseme uongo, anaipitia haraka haraka.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 1999. Mwaka jana mwezi Novemba figo zilianza kushindwa, akalazwa Bariadi, kisha Bugando, akarudi nyumbani kwa ombi lake mwenyewe. Wiki mbili kabla ya kufa, Januarius alikaa kando ya kitanda chake akaomba msamaha, akilia. Ilimchukua miaka sita na nusu kutembea hatua mia moja kutoka mlango wake mpaka mlango wa kaka yake.

Kasmiri alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza kila kitu. Kisha akauliza, "Lile gunia walilipa daraja gani?"

"Safi," Januarius akasema.

Mgonjwa alicheka mpaka Domitila akaja mbio. "Basi hawajui kazi," alisema. "Mimi ningelirudisha." Alipopata pumzi alimshika mdogo wake mkono. "Nilishakusamehe pale pale kwenye mizani. Lakini usiwaambie watu nikiwa hai. Watakuja wote kuniomba radhi, na mimi sina viti. Nikishaondoka, fanya utakavyoona."

Januarius aliona njia mbili. Angeweza kunyamaza, maana aliyejua alikuwa anakwenda kaburini na siri, au angeweza kusema. Juzi alimweleza Domitila yote. Shemeji alipanga na kupangua pindo la khanga, kisha akasema, "Alikuwa akinikataza kukuuliza. Soma yote, Januarius. Usiruke mstari." Asubuhi ya leo Januarius amemrudishia padri msalaba wa ukatekista. Ndiyo maana mnamwona amesimama hapa bila huo msalaba, na huenda baadhi yenu mlijiuliza.

Marehemu Kasmiri alifariki Jumamosi tarehe 9 Februari 2002, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Sapiwi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Domitila alikuwa amemwekea santuri. Anasema aliondoka kabla ya wimbo kwisha, na yeye hakuinua sindano, aliuacha umalizike ndipo akaita watu.

Alikuwa mtu mpole, mbishi, mchelewaji wa chakula, na mkweli kuliko ilivyokuwa salama kwake. Aliwapenda watu hata walipompita njiani bila salamu. Sisi tuliomjua tumepata kaka ambaye hatukumstahili, na mmoja wetu hakumstahili hata kidogo.

Ameacha mjane, Domitila, watoto wanne, Milembe, Method, Elizabeth na Nancy, wajukuu sita, mama yetu, Kabula, aliyeketi pale mbele, na mdogo wake mmoja, Januarius, aliyeliuza gunia. Kasmiri Mahona hakuwahi kutia hata punje ya mchanga katika pamba ya mtu yeyote. Mliomwita mwizi, mwizi ndiye huyu anayewasomea. Kaka sasa apumzike kwa amani.