Nani Alimuuma Mwau

Benchi letu liko Kamakis, kando ya bucha, na sheria yake ni moja: anayeinuka kabla Jaji hajakata kesi amekubali kushindwa, na atataniwa mpaka Krismasi. Jaji ni Mzee Simeon, karani mstaafu wa korti. Jumamosi hiyo Rachael, muuza kahawa wetu, alikuwa ametumiminia kahawa ya tangawizi, na Mwau, fundi wa viatu, ameketi katikati yetu na leso imefungwa mguuni. Popi, mbwa ambaye Mwau alimlisha mifupa mwaka mzima, alikuwa amemuuma asubuhi hiyo, akauma na tairi ya bodaboda ya Barasa, mwenzetu wa benchi, kisha akaenda zake mate yakimtiririka.

— Fadhila ya punda ni mateke, akaanza Jaji. Popi ana makosa.

— Popi hana makosa, akasema Austine, mwanafunzi anayekaa Kahawa Wendani. Hicho ni kichaa cha mbwa, Jaji. Aliyeuma ni virusi.

— Virusi ana meno?

— Hana meno, hana miguu. Ni kajeni, yaani maagizo ya urithi, kamefungwa tu, kama mandazi kwa gazeti. Kazi yake ni kujitoa kopi. Sasa anaingia kwa kichwa ya Popi, anashika usukani. Anamfunga koo asimeze, mate inajaa, na kopi ziko kwa mate. Halafu anamwambia, uma.

Barasa aliweka kikombe chini.

— Ngoja. Meno ilijengwa na jeni za Popi, lakini leo inafanyia kazi jeni za mwingine?

— Hapo sasa.

— Ni kama mtu akuibie nduthi, pikipiki yako ya kazi, halafu abebe abiria wake nayo.

— Na tairi? akauliza Jaji. Tairi itatoa kopi?

— Virusi hachagui. Zile jeni za kuuma ovyo ndizo zimefika hadi leo. Zenye zilituliza mbwa zilikufa na mbwa.

Nilifurahi vibaya sana. Hatujapata kesi tamu hivyo tangu mwaka uanze.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Barasa, ingawa hakuna aliyekuwa amepona. Kumbe hata hii hamu ya kahawa si yangu. Kuna mnyoo ameagiza.

— Na wale wa kusalimia kanisa nzima kwa mkono, akasema Jaji, macho yakimng'aa, hao wametumwa na homa.

Mwau ndiye aliyeuliza polepole:

— Na akishaingia kwa mguu?

— Anapanda na neva mpaka kwa kichwa, akasema Austine kwa raha. Inaweza chukua wiki, hata miezi. Hana haraka.

Gathoni, mama aliyehamia ploti ya nyuma juzi, alikuwa amesimama akingoja kahawa. Aliutazama ule mguu.

— Huyu ameoshwa na sabuni? Amedungwa sindano?

— Bado, Mama, akasema Barasa. Tuko kwa kesi.

— Huyo virusi hana haraka. Nyinyi mnangoja nini?

Mwau alitutazama mmoja mmoja, na ndipo nikaona anaogopa, na kwamba ameogopa tangu asubuhi, ila hakutaka kuwa wa kwanza kuinuka. Rachael alichukua maji yote ya kuoshea vikombe na kipande chake cha sabuni, akapiga magoti akaanza kuosha kidonda. Kahawa ya siku hiyo ikaishia hapo. Barasa akawasha nduthi.

Jaji, ambaye sijawahi kumwona akiondoka kabla ya hukumu, aliinuka akamshika Mwau mkono.

— Nimeshindwa, akasema. Twende.